Kitambaa Ulichokifua

Mama,

Shikamoo.

Najua hutaitikia, na hilo nalo linanikera. Wewe ndiye uliyenifinya sikio kila nilipompita mtu mzima bila kumwamkia, ukasema mtoto asiyejua shikamoo arudishwe alikotolewa. Sasa ninakuamkia kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni, halafu nasimama pale kama mjinga nikisubiri marahaba.

Nimekaa kwenye kizingiti chako, daftari liko magotini. Arobaini yako tumeisoma Ijumaa. Watu wamekula, wameomba dua, wamekwenda zao, na masufuria ya kuazima nimesharudisha. Ningeweza kusubiri hasira zipoe ndipo nikuandikie, lakini nikisubiri nitaandika barua nzuri yenye uongo ndani yake. Kwa hiyo nakuandikia hivi hivi.

Nina hasira na wewe, Mama. Nina hasira na watu wengine pia, na zamu yao itafika, lakini naanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekupenda.

Unakumbuka siku nilipokuja kukuambia nimepata kazi Lushoto, kwenye ule mradi wa kufundisha mbwa kunusa kifua kikuu? Ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua kichwa. Ukauliza, "Mbwa?" Nikasema ndiyo, mbwa. Ukauliza tena, "Watu wote hao wenye digrii wamekosa mashine?" Nikakueleza kwamba mtu mwenye ugonjwa ule harufu ya jasho lake hubadilika, sisi hatuisikii lakini mbwa anaisikia, na kwamba mbwa mmoja anaweza kupitia vitambaa vya kitongoji kizima kwa asubuhi moja, kisha wale aliowatambua ndio wanaopelekwa hospitali kupimwa. Ulisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Sawa. Lakini najisi isiingie ndani kwangu."

Na haikuingia. Kila nilipopanda kutoka Lushoto mwisho wa juma ulinisimamisha pale bombani, nje, ukaja na kopo lako na kiganja cha udongo. Ulinimwagia maji mikononi ukihesabu kwa sauti, mara saba, ya kwanza kwa udongo. Ukifika nne ulijifanya umesahau, unaanza upya, mimi nalalamika maji ni ya baridi, na mwanangu Nuru, niliyekuachia umlee, anacheka mpaka anakaa chini. Ndipo uliponifungulia mlango, na bada, ule ugali wako wa muhogo, ilikuwa tayari mezani. Mbwa wangu anaitwa Bosi. Uliposikia jina hilo mara ya kwanza ulicheka siku nzima. "Yeye Bosi, na wewe ndiye unayemchotea maji," ulisema, ukaenda kuwasimulia majirani wote.

Nikueleze kazi yenyewe, maana hukutaka kamwe kuja kuiona. Kuna chumba kirefu chenye sakafu ya saruji. Tunapanga makopo kwenye vyuma, kila kopo lina kitambaa cheupe ambacho mtu amekivaa kifuani siku mbili, chini ya nguo. Kopo lina namba, halina jina, ili sisi tunaowaongoza mbwa tusijue ni la nani. Bosi anapita akinusa. Akikuta harufu ya ugonjwa anakaa kitako mbele ya kopo na kunitazama. Asipoikuta, anaendelea mbele. Akifanya kazi vizuri namwambia neno moja tu, "Safi," na kumpa dagaa. Neno hilo analijua kuliko jina lake.

Siku vitambaa vya kwetu vilipoletwa nilikuwa kazini. Nilijua vimetoka kwetu, sikujua kipi cha nani. Namba kumi na saba na namba kumi na nane zilifuatana. Hata mimi, mwenye pua ya binadamu, nilisikia harufu yake: sabuni ya mche, jua, na kwa mbali moshi wa pasi ya mkaa. Bosi alipofika kumi na saba aliingiza pua, akapiga chafya, akaendelea. Kumi na nane, vilevile. Nilicheka, Mama. Nilimgeukia mkufunzi wetu, Mama Neema, yule mama wa Kilutheri anayetoka Vuga, nikamwambia, "Hawa wawili ni wasafi kweli." Kisha nikamwambia Bosi, "Safi, twende."

Nilikuja kujua baadaye: kumi na saba ulikuwa wewe. Kumi na nane alikuwa Nuru.

Wiki iliyofuata karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa kitongoji. Bosi hakukalia hata kopo moja la kwetu, wala mbwa wengine hawakukalia, kwa hiyo waliandika kwa kalamu nene kwamba kitongoji hiki ni safi. Uliisoma kwa kidole, herufi moja moja, ukafurahi. Uliniambia kwenye simu kwamba mwenyekiti alitembea siku hiyo kifua mbele. Nilikusikia ukikohoa katikati ya maneno, nikadhani ni moshi.

Haukuwa moshi. Kikohozi kilikaa, nikakuambia nenda zahanati, ukaenda, peke yako, kwa miguu, ule mteremko wote. Yule mhudumu sitamtaja jina, kwa sababu nikianza na jina lake sitaishia hapo. Hakukugusa hata kifua. Alikuuliza unatoka wapi, ukamwambia, akasema, "Kwenu mbwa wameshapita, kwenu safi. Hicho ni kikohozi cha baridi ya huko juu." Akakupa chupa ya dawa. Ulirudi kwake baadaye ukiwa umekonda mpaka kitenge unakizungusha mara mbili kiunoni, naye akakupa chupa nyingine ya rangi ileile. Mbwa hajawahi kusema kwamba mtu ni mzima, Mama. Mbwa husema anachokinusa, basi. Aliyekohoa wiki mbili alipaswa kupimwa makohozi, mbwa awepo asiwepo, na hilo limeandikwa ukutani palepale zahanati, juu ya kichwa cha yule bwana. Lakini sisi wa mradi tulipita kwenye kila kijiji tukimsifu mbwa, na hatukumwambia mtu yeyote mipaka ya mbwa. Kwa hiyo hasira yangu kwa mhudumu nusu yake inarudi ofisini kwetu.

Kuna siku moja ambayo siwezi kumtupia mhudumu wala ofisi. Gari la mradi lilikuwa linakwenda Mgwashi kuwaonyesha wanafunzi kazi ya mbwa, nikaomba lisimame kwetu nikuone. Nilishuka na Bosi, nikasimama naye uani, mbali na mlango, kama ulivyotaka. Ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukikohoa. Bosi akakaa.

Ulimtazama ukasema, "Huyu ana adabu kuliko wanangu wote. Ameniona, amekaa." Tukacheka. Nikamvuta kamba, akainuka, akapiga hatua mbili kukufuata, akakaa tena kitako kabisa. Na hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Nikasema amechoka na kona za barabara, nikamvuta kwa nguvu mpaka akalia. Ukanikemea, wewe usiyetaka hata kivuli chake kikuguse: "Mwache, kwani amekosa nini?"

Hakukosa kitu. Nilikuwa na karatasi, na karatasi ilisema safi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mbwa wetu wananusa makopo, hawanusi watu, na mimi mtu wa utaratibu nikalishika hilo. Nimefundishwa kumwamini mbwa yule tangu siku ya kwanza ya kazi, na siku alipozungumza habari za mama yangu mzazi nikaiamini karatasi. Halafu nikapanda gari nikaenda kuwaonyesha watoto wa watu jinsi mbwa anavyookoa maisha, wanafunzi wakapiga makofi, na jioni hiyo Nuru alilala mgongoni kwako kama kawaida, chini ya kanga yako, kwa sababu ya baridi.

Siku zako za mwisho sitakueleza, ulikuwepo. Nitakuambia tu kitu ambacho hukukiona. Daktari alipotazama picha ya kifua chako alitoka nje akaniuliza kwa nini tumechelewa hivi. Nilikuwa nimevaa fulana ya mradi, yenye picha ya mbwa mgongoni na maandishi makubwa. Nilipogeuka kuegemea ukuta aliyasoma. Hakuniuliza tena. Ningependa angeendelea kuuliza.

Matangani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimsikia mtu akisema hivyo nyuma ya nyumba, karibu na kuni, nikatamani kummwagia maji ya chai. Wewe uliyaficha wapi? Ulikohoa mbele ya kila mtu. Ulikwenda ulikoambiwa uende, ukanywa ulichopewa, ukavaa kitambaa siku mbili hata kuoga ukaoga kwa shida ili kisilowe. Hakuna mgonjwa mtiifu kuliko wewe aliyewahi kuzikwa katika milima hii.

Siku ya tatu tulikuwa tunaosha vyombo na jirani yako Mama Shaabani, akawa anakusifu, kama inavyostahili. Akasema, "Marehemu alikuwa msafi. Hata vile vitambaa vyenu vya mbwa, chake na cha mtoto, alivifua, akavianika kwenye mti wa mpeasi, akavipiga pasi. Na akapita kutuhimiza na sisi. Akasema, wageni watatuonaje?"

Niliacha sahani kwenye maji. Nikamuuliza walifua wangapi.

"Sote," akasema, akanishangaa. "Tungewapa wageni jasho?"

Hapo ndipo nilipokukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Nilitoka nikaenda shambani kwako, nikasimama katikati ya kabichi, nikakugombeza kwa sauti mpaka mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde akaacha kulima. Wewe uliyefagia njia mpaka barabarani mtu akisema tu anakuja. Wewe uliyekuwa na vikombe viwili vizuri ambavyo watoto wako mwenyewe hatukuruhusiwa kunywea. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo ulivyotufundisha. Basi wageni walikuja, Mama, na safari hii walikuja kweli kukuponya, na kitu pekee walichokuomba ni uchafu wako kidogo, jasho la siku mbili, na wewe ukaona aibu kuwapa. Uliufua ugonjwa wako ukaupiga pasi. Na wa mtoto wangu pia.

Nilirudi pale kwenye vyombo na hasira zangu zote. Nikamuuliza Mama Shaabani, kwa ukali nisiopaswa kumwonyesha mtu wa umri wako, ni nani aliyewaambia wafue. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye kanga akanijibu polepole.

"Si wewe, Hadija? Siku ya mkutano wa mradi ulisimama pale darasani ukasema leteni sampuli safi."

Nilisema, Mama. Nakumbuka nilivyosema. Walinituma mimi kwa kuwa ni mtoto wa hapa, nije nieleze watu wangu. Mkuu wa mradi alikuwa amesimama kando yangu na nilitaka anione ni msomi, kwa hiyo Kishambaa nilikiacha mlangoni nikasoma karatasi kama ilivyoandikwa, kwa Kiswahili cha ofisini. Sampuli iwe safi. Wataalamu wakisema hivyo wana maana yao: isichanganyike na harufu ya mtu mwingine, usiazime cha jirani, usikitie kwenye mfuko wa vitunguu. Mimi nilijua maana yao. Nilikaa nayo mwenyewe. Nyuma ya karatasi, mstari wa mwisho kabisa, paliandikwa kwamba kitambaa kisifuliwe, lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, watu hawasikii, mkuu anatazama saa, na mimi sikugeuza karatasi.

Na wewe ulikuwa umekaa mbele, dawati la kwanza, umevaa gauni la Idi. Ulikuwa unanisikiliza mimi, si mradi. Ulirudi nyumbani ukafanya nilichosema, ukakifanya kwa bidii, na ukahakikisha mtaa mzima unakifanya, ili mwanao asiaibike mbele ya wakubwa zake. Sasa nitakukasirikiaje kwa kunitii? Lakini bado nimekasirika. Mambo haya mawili yamekaa pamoja tumboni mwangu na hakuna linalomhama mwenzake.

Nilishuka Lushoto kabla ya siku za matanga kuisha, na ndugu zako hawakulipenda hilo, nakuomba radhi. Nilimwambia mkuu kwamba vitambaa vya kwetu vyote vilifuliwa na lazima turudie. Alisikitika sana, alinipa pole vizuri, akaniambia taarifa imeshakwenda juu, kitongoji kimeshahesabiwa safi, na kurudi kwenye kitongoji safi si utaratibu. Alilitamka neno hilo mara tatu. Nikaweka kamba ya Bosi mezani kwake, juu ya karatasi zake, nikamwambia atafute mtu mwingine wa kuishika. Nilikuwa nimemwacha mtoto wangu huko juu, aliyelala mgongoni kwako miezi yote hiyo, na jana yake usiku nilikuwa nimemshika shingo nikakuta jasho.

Aliyeniokoa ni Mama Neema. Aliingia bila kubisha hodi, yeye ambaye hata mbwa huwabishia hodi. Akasema, "Mbwa amefanya kazi yake. Waliokosea ni wanaojua kusoma. Mimi narudi huko kesho, na gari au bila gari." Mkuu akaichukua kamba ile pale mezani akanirudishia. Tulipewa gari.

Safari hii niliongea Kishambaa. Sikusimama darasani, nilipita nyumba kwa nyumba. Niliwaambia, mama zangu, naomba chafu. Naomba kitambaa kinachonuka, mkikifua mmeniua. Walicheka, kisha waliona aibu kwelikweli. Mama Shaabani alinikabidhi chake amegeuza uso ukutani. Bibi mmoja alikifunga ndani ya kanga, na kanga ndani ya kikapu, na kikapu akakifunika kwa majani ya mgomba, kama mtu anayesafirisha kitu cha wizi. Cha Nuru nilimvalisha mwenyewe. Aliniuliza kama Bosi atacheka akikinusa.

Siku ya kunusa Mama Neema hakuniruhusu nimwongoze Bosi, kwa kuwa kulikuwa na damu yangu ndani ya makopo. Alimshika yeye. Mimi nilisimama nje ya chumba, nyuma ya ukuta, nikawa nasikiliza kucha za Bosi kwenye saruji. Mama, hujawahi kusikiliza kitu namna ile. Kucha zinatembea, zinasimama kidogo, zinatembea. Kisha zikasimama na hazikuendelea. Nikasikia dagaa zikichotwa kwenye kopo. Kabla asubuhi haijaisha, zilisimama mara tatu.

Mama Neema alitoka akanipa chai kwanza, akasubiri ninywe. Halafu akasema, "Mpeleke mtoto hospitali, mwanangu. Leo, usingoje kesho."

Watatu walikuwa Nuru, mume wa Mama Shaabani, na kijana mmoja wa kule juu msituni. Kijana hospitali haikumkuta na kitu, Bosi alimkosea, na mama yake alikuja kutusema vizuri mbele ya watu. Tulistahili. Mume wa Mama Shaabani alikutwa nao. Nuru naye alikutwa nao, Mama. Bado mdogo, kifua hakijaharibika, daktari amesema tumewahi. Tumewahi. Nililitafuta neno hilo kwa ajili yako nikalikosa, likaja kupatikana kwa mjukuu wako.

Anakunywa dawa kila asubuhi, zile zinazoyeyushwa kwenye maji kidogo. Zina ladha ya matunda na anazipenda kuliko uji. Ameanza kunenepa mashavu. Anauliza habari zako, namjibu kama watu wanavyowajibu watoto, na naona haniamini, kwa sababu ni mtoto wako wewe kuliko wangu.

Nilikwenda pia kwa yule mhudumu. Sikumtukana, ungejivunia. Nilimwamkia, ni mkubwa kwangu, kisha nikamwomba anisomee tangazo lililo juu ya kichwa chake. Alidhani sijui kusoma. Akageuka akaanza kusoma kwa sauti, na wagonjwa wote kwenye benchi wakisikiliza, na alipofika kwenye wiki mbili sauti ikapungua. Nikamwomba arudie hapo, sikusikia. Akarudia. Nasikia siku hizi anampima makohozi kila anayekohoa. Sijamsamehe. Nikimsamehe nitakuandikia.

Karatasi ya mradi nayo imebadilishwa. Neno kisifuliwe liko mbele, juu, kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kishambaa, nimeandika mimi. Kwa wale ambao mbwa hakuwakalia hatuandiki tena kwamba ni safi. Tunaandika kwamba mbwa hakukaa, na ukikohoa nenda kapimwe. Ni maneno machache tu, yangetoshea kwenye karatasi ile ya kwanza.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nichukue daftari.

Shangazi alikuja kabla ya arobaini kukusanya nguo zako, zifuliwe, zigawiwe ndugu kama inavyopasa. Nilimpa zote. Nilimficha moja, ile kanga ya korosho iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango, mliyokuwa mnajifunika na Nuru. Ulikuwa hujaifua tangu ulipozidiwa. Ndiyo nguo pekee chafu uliyowahi kuiacha duniani, na uliiacha kwa sababu mikono yako haikuwa tena na nguvu ya kukamua. Shangazi aliiulizia. Nilimdanganya nikasema ulizikwa nayo chumbani, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, naye kwa huruma akayakubali.

Niliifunga kwenye mfuko nikashuka nayo Lushoto. Sikuwa na sababu ya kazi. Vipimo vyako vya hospitali vilikuwepo, hakuna aliyebisha. Nilitaka tu mtu aniambie, na mtu mwenyewe ni Bosi. Niliingia naye chumbani tukiwa wawili, nikafungua mfuko. Sikufika hata kuiweka kwenye kopo. Alinyoosha pua, akaigusa pindo, akakaa. Akanitazama vilevile alivyonitazama uani kwako, siku ile nilipomvuta mpaka akalia.

Nilifungua mdomo nimpe neno lake na halikutoka. Nikampa dagaa kimya kimya. Amekula, lakini tangu siku hiyo akifanya kazi vizuri anabaki amekaa, masikio mbele, analisubiri. Mama Neema ananiambia namwonea, mbwa hajui kosa lake. Najua. Nimejaribu hongera, nimejaribu vema. Hayataki.

Kanga nimeirudisha nyumbani. Iko ndani ya mfuko, juu ya kabati, mtoto haifikii, na sitaifua sasa hivi, hata shangazi akiiona. Najua unaumia huko uliko, nguo yako kukaa chafu ndani ya nyumba yako. Vumilia. Umenivumilia mengine.

Lala, Mama. Mungu akurehemu, akupe mahali pa kupumua vizuri. Sina ahadi kubwa ya kukupa, ninayo hii moja. Siku Nuru atakapokunywa dawa yake ya mwisho, nitaishusha kanga yako bombani. Imeguswa na mbwa, kwa hiyo nitaifua mara saba, ya kwanza kwa udongo, nikihesabu kwa sauti, na nikifika nne nitasahau nianze upya. Nuru atanimwagia maji kwa kopo lako. Nitaianika kwenye mpeasi, nitaipiga pasi, nitampelekea shangazi mkononi na kumwambia ukweli. Kisha nitashuka Lushoto nikamwambie Bosi neno lake.

Mwanao,
Hadija